Mjoli wa Ghorofani

Mjukuu wangu kajifungua, na nyumba yao ya Mpendae inanuka uwatu toka mlangoni. Wamerowesha mbegu zake bakuli zima, wanamtilia katika uji ili maziwa yashuke. Wenzangu wa umri wangu mnaijua harufu hiyo, ule ukali wa majani makavu na uchungu unaokaa kooni, mpaka jasho la mzazi nalo linanuka hivyo hivyo. Kila mtu pale alikuwa na furaha yake. Mimi nilifika mlangoni na kikapu cha ndizi mbivu, nikasimama nisiweze kuingia. Mwanangu akaniuliza, "Mama, vipi, mbona huingii?" Nikamwambia goti linaniuma. Uongo mtupu, goti langu zima.

Uwatu kwangu mimi ni ngazi. Ni ngazi za mawe za nyumba moja ya Sokomuhogo, zenye kiza hata jua la saa sita, na huko juu zinakoishia kakaa Bi Miriamu chini kwenye mkeka, kapakata bakuli la udongo, anaupiga uwatu kwa mkono mpaka unafura povu jeupe. Kwao Adeni wanautovya kwa mkate kila siku ya Mungu, pasi na uzazi wala ugonjwa. Mikono yake ilinuka uwatu, na nguo zake, na mto aliolalia. Alipokufa harufu ilibaki ngazini muda mrefu, na mimi nilikuwa nikipanda mpaka kati, nanusa, kisha nashuka.

Sisi tulikaa chini, mimi na Bibi yangu, Bi Zaituni, mama wa mama yangu. Mama alifariki nikiwa mdogo wa kubebwa, na baba alikuwa na mke mwengine Pemba na watoto wengine, basi mimi nikawa wa Bibi. Chumba chetu zamani wenye nyumba walikuwa wakiwekea magunia ya karafuu. Kuta zilitoka jasho masika na kiangazi, na ukilaza kanga usiku, asubuhi unaikuta imepata unyevu.

Bibi alikuwa mwosha. Akifa mwanamke mtaani, ndiye anayeitwa. Majumba makubwa, ambayo siku za kawaida hayakumkaribisha hata kikombe cha kahawa, siku ya msiba yalimfungulia mlango wa mbele, na wenye majumba wakamwita "Bi Zaituni" kwa sauti ya unyenyekevu. Heshima aliyokuwa nayo duniani ilikuwa hiyo, na aliitunza kama mtu anavyotunza yai mkononi. Akiulizwa kwao wapi, alijibu bila kusita, "Kwetu Bwejuu." Nikiulizwa mimi, Bwejuu. Wallahi nilikuwa sijaikanyaga Bwejuu hata siku moja. Na miaka ile ndiyo watu walianza kuulizana vibarazani, weye khasa wa wapi, babu yako nani, maana siasa ilikuwa inaingia mjini na kila mtu anapimwa kwa jawabu lake. Mtu wa Bwejuu alikuwa mwananchi, mwenye kisiwa chake. Mtu aliyeletwa alikuwa jambo jengine.

Bi Miriamu nilimdhani Mwarabu. Kwa nini nisimdhani? Kiarabu ndiyo lugha yake, jina lake tunalo hata sisi, nguruwe hali, na kuku hachinjiwi na mtu asiyemjua. Mumewe alikuwa sonara wa fedha. Alikwenda Mombasa kwa kazi akafia huko, akazikwa na watu wa dini yao. Bi Miriamu akabaki peke yake ghorofani, akitarizi suruali za marinda za maharusi, miguu imeanza kumvimba. Kwamba yeye ni Myahudi, na kwamba mjini hapa hana mwanamke mwenziwe wa dini yake, wakubwa walilijua. Mimi sikuambiwa, na watoto wa zama zetu, mwajua, hatukuuliza.

Nilichokijua ni Jumamosi zake. Kila Jumamosi asubuhi alisimama juu ya ngazi, kajitanda mtandio wake, akasema kama anayejisemea mwenyewe, "Leo kwangu kumepoa." Hajasema hata mara moja, njoo uniwashie jiko. Anasema kumepoa, basi. Bibi ananisukuma begani: "Panda." Napanda, natia mkaa, nawasha, nateleka birika, na yeye kakaa mbali, mikono juu ya mapaja, hagusi kitu. Nilikuwa nimewasikia watu wazima wakisema kuwa huko Adeni watu walizitia moto nyumba za jamaa zake, na waliosalimika wakasafiri, hakuna anayejua wamefikia wapi. Nikaunga mambo mawili hayo. Bi Miriamu anaogopa moto. Tena Ijumaa, jua likikaribia kuchwa, nilimwona akiwasha tambi mbili za mafuta, halafu anafunika uso kwa viganja. Nikasema masikini, hata taa hawezi kuitizama. Basi nikawa napuliza makaa nimempa mgongo, nimetanua nguo yangu kwa pande mbili, cheche isije ikamfikia. Yeye akinitizama anatabasamu, na mimi naona ananishukuru.

Ikaja masika moja, mvua ya kutwa. Bi Miriamu akashuka mwenyewe, na hakuwa mtu wa kushuka. Alijishika ukutani, akahema.

"Bi Zaituni, nna chakula changu cha mwaka. Hakiliwi bila ya mtoto. Zamani mume wangu alikuwa akisoma na mimi nauliza, tukijifanya watoto. Mwaka huu siwezi kujiuliza na kujijibu. Niazime mjukuu wako, na weye uje."

"Chakula gani hakiliwi bila ya mtoto?" Bibi akauliza.

"Cha kuuliza. Mtoto ndiye anayeuliza."

Bibi alicheka, maana kwetu mtoto anayeuliza kwenye chakula anaambiwa ale anyamaze. Lakini alikubali. Bi Miriamu akanifundisha swali langu kwa siku kadhaa, nikaliimba ngazini kama ninavyoimba sura za chuoni.

Baada ya magharibi tukapanda. Alikuwa kaufagia ule ukumbi wake mpaka pembeni, hapana chembe. Mkate wake ulikuwa mwembamba, haukuumuka, mfano wa chapati iliyokosa samli. Tende kazipondaponda na tangawizi zikawa rangi ya udongo wa kukandikia. Zabibu kavu kazichemsha tukapewa maji yake, na Bibi akanusa kwanza, akaridhika kuwa ni sharubati. Kulikuwa na majani ya mchunga, mabichi, hayakupikwa wala kutiwa nazi. Niliyatafuna nikataka kulia. "Ndiyo yanavyotakiwa," Bi Miriamu akasema. "Yawe machungu."

Kisha akaniashiria. Nikakaa vizuri, nikauliza, "Kwa nini usiku wa leo si kama masiku mengine?"

Alifumba macho. Akanijibu kwa lugha ya dini yao, halafu kwa Kiarabu, halafu kwa Kiswahili, pole pole ili nisikose neno. "Kwa sababu tulikuwa watumwa. Tulikuwa watumwa wa Firauni, Mungu akatutoa."

Bibi aliuweka mkate chini.

Neno lile nyumbani kwetu halikutajwa. Niliwahi kulileta kutoka chuoni, nilimsikia mtoto akimtukania mwenziwe, na Bibi alinipiga kofi la mdomo, na kunipiga haikuwa desturi yake. Sasa limetamkwa penye chakula, na mtu mzima, kwa sauti ya kujivunia. Nilimtizama Bibi nikingojea ainuke anishike mkono tuondoke.

"Bi Miriamu," akasema, "maneno hayo husemwa mbele ya mtoto?"

"Ndiye anayeambiwa. Wakubwa washayajua."

"Mwasema hivyo kila mwaka?"

"Kila mwaka. Mama yangu kaniambia mimi, na yeye mama yake kamwambia. Hata tajiri wetu husema, na maskini husema."

"Na hamwoni haya?"

"Haya aone Firauni. Mimi nilimfanyia nini?"

Mvua ilikuwa inapiga juu ya mabati ya kitega maji, na mimi nilikuwa na mchunga umenikwama jinoni. Baadaye Bibi akauliza, kwa sauti nisiyoizowea, "Na Jumamosi yako hiyo usiyowasha jiko?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Mtumwa hana siku yake. Alipotutoa akatupa siku moja, tusiwashe moto, tusishone, tusibebe, tukumbuke tulivyokuwa."

"Mama yangu," Bibi akasema, "hakupata kuiona siku hiyo." Akainuka, akanishika mkono, tukashuka.

Basi moto haukuwa unaogopwa. Kosa hilo niliachana nalo, lakini nililibadili kwa jengine kubwa zaidi. Bi Miriamu alisema tulikuwa. Pale ukumbini tulikuwa watu watatu. Firauni wa chuoni nilimjua, yule aliyezama na majeshi yake, lakini mtoto hana hesabu ya karne. Nikaona lazima ni bwana mmoja wa hapa hapa mjini, mwenye nyumba kubwa, na sisi sote tulikuwa kwake. Asubuhi Bibi anachambua mchele, nikamkalia mbele.

"Bibi, nyumba ya Firauni ni ipi? Ile yenye mlango wa misumari kule Shangani?"

"Firauni gani?"

"Bwana wetu. Sisi na Bi Miriamu."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. "Nani kakwambia na sisi tulikuwamo?"

"Bi Miriamu kasema tulikuwa. Kwani Bi Miriamu si ndugu yetu?"

Kuku wa jirani akaja akadonoa mchele pembeni ya ungo, Bibi asimfukuze. "Si ndugu," akasema. "Watu waliokuwa wa bwana mmoja huitwa wajoli. Mtu na mjoli wake." Akaupepeta ungo mara moja, kwa nguvu. "Na ukilitoa neno hilo nje ya mlango huu, weye na mimi tutahama mji."

Ndivyo nilivyojua, kwa njia ya makosa, jambo la kweli. Sikupata kumuuliza zaidi. Uso wake haukuwa wa kuulizwa.

Toka siku hiyo alikuwa akipanda juu kila alasiri. Nikipita nawasikia wakinong'ona, Bibi zaidi kuliko mwenyeji wake, na nikitia mguu kwenye ngazi ya mwisho wananyamaza. Siri ya mtungi aijuaye kata. Nadhani Bi Miriamu ndiye mtu wa mwanzo Bibi yangu kumwambia mama yake alikuwa nani, na alimwambia kwa sababu mwenziwe hakuwa na mtu wa kwenda kumsimulia.

Kipupwe kilipoingia miguu ya Bi Miriamu ilivimba mpaka magoti, pumzi ikawa fupi, akalala kwa kuegemea mito. Suruali ya bibi harusi mmoja alikuwa kaitarizi mguu mmoja tu. Nilimpelekea uji, na siku hiyo hawakuninyamazia, au hawakuniona.

"Nani ataniosha, Bi Zaituni?" alikuwa akisema. "Kwetu wanawake ndio wanaomwosha mwanamke, wa dini yake. Mimi nnao nani? Mume wangu kapata watu Mombasa. Mimi wataniosha hospitali kama sakafu."

"Usiseme hivyo."

"Nnakwambia. Siogopi kufa. Naogopa kushikwa na mtu asiyenijua."

Bibi alimfuta jasho. "Ntakuosha miye. Niambie mnavyoosha."

Akamwambia. Maji matupu yaliyo safi, pasiwe na kafuri wala udi. Nguo nyeupe ya kawaida, isifungwe fundo. Asilazwe kifudifudi hata kidogo. Na toka roho inapotoka mpaka anapozikwa, asiachwe peke yake. Bibi alirudia kila kitu baada yake, kama mtoto anayesomeshwa, na Bi Miriamu akamshika vidole akalia, na Bibi naye akalia, na mimi nikaweka uji chini nikatoka.

Bibi hakuwa mjinga. Alijitanda akenda kwa Maalim wa chuo chetu, akanichukua na mimi ili wasikae wawili. Alimweleza yote isipokuwa lile moja. Maalim alifikiri akasema, "Si wajibu juu yako, wala si haramu. Katika madhehebu yetu yajuzu." Halafu, tulipokuwa tunavaa viatu, akaongeza, "Lakini watu, Bi Zaituni. Watu hawaishi kwa fatwa." Bibi akamwitikia, "Nawajua, Maalim."

Bi Miriamu alikufa alfajiri, Bibi yuko kando yake. Asubuhi Bibi akashuka kuteka maji bombani uani, na uani akamkuta Bi Kulthum na wanawake wawili watatu nyuma yake. Bi Kulthum alikaa nyumba ya mkabala. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia wenye majumba, mwiteni Bi Zaituni, ana mkono mzuri. Neno lake lilikuwa mlango. Hakuwa mkorofi, na hilo ndilo lililomfanya awe mgumu kumjibu. Mimi nilikuwa ngazi ya kwanza, nimeshika kata.

"Shikamoo, Bi Kulthum," Bibi akasema, ingawa walikaribiana umri.

"Marahaba. Ndoo hizo unazipeleka wapi?"

"Juu."

"Mtu wa juu hana wenyewe?"

"Hana."

"Hospitali wataosha, na serikali itazika. Mikono hiyo, dada yangu, ndiyo inayotuosha sisi na mama zetu. Kesho mtu ataikubali vipi?"

"Maalim kasema si haramu."

"Kasema, haya. Miye sibishani na Maalim." Akajitengeza buibui lake begani. "Lakini mwosha huoshwa, Bi Zaituni. Jitizamie nani atakuosha weye." Bibi akainama kuchukua ndoo. Bi Kulthum akaona hajamaliza. "Miye nashangaa kitu kimoja tu. Toka lini watu wa Bwejuu na Mayahudi wakawa na udugu?"

Angeweza kunyamaza. Mara ngapi nimekaa nikafikiri, angeweza kunyamaza akapanda zake, na baada ya mwezi mmoja watu wangesahau, maana maiti hawangoji na mwosha mwengine mzuri hakuwapo. Angesema huruma tu, jirani tu. Badala yake alizirudisha ndoo chini, zote mbili, maji yakamwagikia miguu yake.

"Miye si mtu wa Bwejuu," akasema. "Mama yangu aliletwa mtumwa, kauzwa mji huu huu, akafanya kazi shamba la karafuu mpaka mgongo ukapinda. Na huyu aliyelala juu mjoli wangu. Naomba njia."

Wakampisha, na katika kumpisha kila mmoja alikusanya buibui lake lisimguse. Nililiona hilo, mkono mmoja mmoja ukikunja kitambaa. Mwenye kovu usidhani kapoa, na siku ile nilijifunza kuwa watu huliona kovu hata la mama yako.

Nilikaa nje ya mlango wa juu. Nilimsikia Bibi akizungumza naye, kama alivyozungumza na maiti wote: samahani, maji ya baridi leo, nipe mkono, haya, geuka kidogo, taratibu, ndugu yangu. Kisha sauti ya maji. Alipomaliza akaniita niingie tukae naye, asiwe peke yake. Uso wa Bi Miriamu ulikuwa umefunikwa. Hapakuwa na harufu ya kafuri wala udi, ila uwatu tu, na ule unyevu wa mawe yaliyomwagiwa maji.

"Dua zao sizijui," Bibi akasema. "Maalim hawezi kumsomea zetu. Weye alikufundisha neno. Msemee."

Nikamsemea. Nikauliza kwa nini usiku wa leo si kama masiku mengine, mchana kweupe, na mimi mtoto nikangojea, wallahi nilingojea ajibu.

Walimchukua wachukuzi wa bandarini, na Baniani mmoja muuza nyuzi aliyekuwa akimkopesha, na Mgoa mshona suti. Maalim alisimama mbali kichwa kakiinamisha. Wakamzika nje ya mji, kwenye makaburi ya wageni, na hapana aliyejua la kusema, basi wakafukia wakaondoka. Yule Mgoa alifanya ishara ya msalaba, akakumbuka, akaurudisha mkono mfukoni.

Wiki ile ile akafa bibi mkubwa mmoja mtaani. Bibi alisikia mayowe, akaoga, akavaa, akakaa kwenye kiti karibu na mlango na kifurushi chake mapajani. Saa zikapita. Tukawaona wanampitisha mwosha kutoka mtaa wa Malindi, na Bi Kulthum anamwonyesha njia. Bibi akavua buibui, akalikunja. Hakuitwa tena, kwa yule wala kwa mwengine. Alianza kupika vitumbua, navyo mtaani havikununuliwa, ikabidi niende kuviuza Darajani ambako hatujuliwi. Chuoni nikawa na jina jipya, mjukuu wa mjakazi. Kiberiti cha Jumamosi kikabaki mfukoni mwa gauni langu. Chumba cha juu akaingia karani na mkewe, watu wa kelele, na jiko lao likawaka kila siku.

Bibi alinyamaza. Si kwamba alijuta, sijamsikia kujuta. Lakini alikuwa kama mtu aliyetoa kitu kizito sandukuni akakiweka katikati ya chumba, sasa hajui akifanye nini, kila akipita anakikwaa. Mara nyingine alinitizama mpaka nikamuuliza, "Naam, Bibi?" kama aliyeniita. Anasema, "Hapana, sikukuita."

Masika ikarudi. Jioni moja nimetoka Darajani, nguo zimeniroa, nikakuta kafagia chumba mpaka pembeni. Mbele yake kuna sahani ya mchunga, na safari hii kaupika kidogo, maana yeye meno hayakuwamo. Hakuwa na mkate wa Bi Miriamu, wala hakuutaka, alikuwa Muislamu safi mpaka anaingia kaburini. Akanionyesha pa kukaa.

"Niulize," akasema.

"Nikuulize nini?"

"Mambo ya mama yangu. Sina mtu mwengine wa kuniuliza. Nikifa miye, keshapotea."

Nikamuuliza. Nilianza kwa woga, halafu maswali yakajileta. Akaniambia aliletwa angali mdogo, meno ya mbele ya utoto ndiyo kwanza yameng'oka. Kwamba alitokea ng'ambo ya ziwa, kwa mguu mpaka pwani. Mdomo wake wa juu ulikuwa na tundu la ndonya, pambo la kwao, na akizungumza na watu aliuziba kwa kanga. Bwana wake alimwita Faida, na wengine wote wakamwita hivyo, na ndivyo alivyozikwa. Akila, alikula kaupa mlango mgongo. Bibi alikuwa akisimulia upesi upesi, kama anayeokoa vitu nyumba ikivuja, na mimi natafuna mchunga na kuuliza, na kwa mara ya kwanza toka Bi Miriamu afe uso wake ulikuwa umechangamka. Karibu alikuwa anacheka.

Ndipo nikamuuliza, "Na kwao, kabla ya kuitwa Faida, jina lake nani?"

Alifungua mdomo kunijibu. Akatizama sahani, akatizama mikono yake, nikaona anatafuta, anatafuta khasa, anarudi nyuma miaka yote ile.

"Hakuniambia," akasema. "Na miye, mtoto mzima, ulimi nnao, sikumuuliza."